Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Mipira na Paipu za Mafuta kwenye Pikapu ya Dizeli kwa Usalama

Wengi wanaobadilisha mipira ya mafuta kwenye pikapu ya dizeli huishia kwenye tatizo lile lile. Mipira ni mipya na hakuna tone linaloonekana chini ya gari, lakini asubuhi stata huzungusha injini kwa muda mrefu kabla haijawaka, au injini huwaka kisha ikazima baada ya muda mfupi. Mara nyingi chanzo ni hewa inayoingia upande wa kuvuta, yaani sehemu iliyo kati ya tangi na pampu ya injini. Katika magari yasiyo na pampu ya umeme kwenye tangi, mafuta ya upande huo hayasukumwi bali hunyonywa. Kwa hiyo upenyo mdogo usioweza kutoa hata tone moja la dizeli unatosha kuingiza hewa. Anayekagua kazi yake kwa kutafuta unyevu peke yake hataliona kosa hilo.

Mwongozo huu unahusu upande wa shinikizo dogo pekee: mipira na paipu za kutoka tangi hadi chujio, kutoka chujio hadi pampu ya injini, na zile za kurudisha mafuta kwenye tangi. Paipu ngumu za chuma zinazotoka kwenye pampu ya injini kwenda kwenye reli (bomba la pamoja linalogawa mafuta yenye shinikizo kubwa) na nozeli (vipulizio vya mafuta kwenye injini) hazimo katika kazi hii, na haziwezi kubadilishwa kwa mpira wa aina yoyote. Katika mfumo wa komoni reli, yaani ule ambao nozeli zote hulishwa na reli moja, shinikizo huweza kupita bar 1,600, na katika injini nyingi za kisasa hupita bar 2,000. Mchirizi mwembamba wa dizeli yenye nguvu hiyo hupenya ngozi. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, lakini ni dharura inayohitaji daktari wa upasuaji mara moja, hata kama mgonjwa bado hasikii maumivu makali.

## Vifaa vya kuandaa

Andaa vyote kabla ya kufungua klipu ya kwanza. Gari lililofunguliwa nusu, huku midomo ya paipu ikikaa wazi kumsubiri mtu aliyekwenda dukani, hukusanya vumbi ndani ya mfumo ambao uvumilivu wake kwa uchafu ni mdogo sana.

- Mpira wa mafuta wa kipenyo sahihi, ukiwa na ziada ya kutosha kwa kosa moja la kukata.
- Klipu za mafuta zenye mkanda laini usio na matundu na kingo zilizokunjwa nje.
- Washa mpya za boliti zenye tundu (zile zinazopitisha mafuta ndani yake) na oringi mpya (pete za kuzibia) za viungo vyote utakavyofungua.
- Chujio jipya la dizeli.
- Vifuniko au vizibo vya midomo ya paipu.
- Kisu chenye makali mapya au mkasi maalumu wa kukatia mipira, pamoja na kalipa ya kupimia vipenyo.
- Pampu ndogo ya mkono ya kuvuta hewa yenye geji.
- Kipande kifupi cha mpira unaopitisha mwanga, kwa ajili ya majaribio tu.
- Stendi za gari, vizuizi vya magurudumu, glovu za naitraili, miwani ya kinga, chombo cha kukingia mafuta, vitambaa visivyoacha nyuzi, na mtungi wa kuzimia moto wa aina ya poda au povu.

Kitabu cha huduma cha gari lako kiwe karibu pia, kwa sababu nguvu ya kukaza boliti hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine.

## Kuchagua mpira

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hazijaanza. Mipira mingi myeusi hufanana kwa nje, lakini tabaka la ndani ndilo linaloamua kama mpira utadumu. Mpira wa rejeta au wa hita kwa kawaida hutengenezwa kwa EPDM, aina ya mpira wa sintetiki ambayo huvumilia maji ya moto vizuri lakini huvimba na kulainika inapoguswa na dizeli. Usiutumie hata kwa safari moja ya kufika nyumbani, kwa kuwa vipande vinavyobanduka ndani yake huelekea kwenye chujio, na vikikuta njia huelekea kwenye pampu.

Soma maandishi yaliyopigwa chapa kwenye mpira wenyewe, si kwenye karatasi ya duka. Mpira wenye alama ya SAE 30R7 umekusudiwa shinikizo dogo, kwa kawaida hadi bar 3.4, na ndani yake huwa na naitraili. Wenye alama ya SAE 30R9 huvumilia takriban bar 6.9 katika vipenyo vidogo, na tabaka lake la ndani ni fluoroelastoma, ambayo hustahimili dizeli yenye mchanganyiko wa mafuta ya mimea kuliko naitraili. Kwa pikapu yoyote inayojazwa dizeli ya namna hiyo, au iliyo na pampu ya umeme inayosukuma mafuta kutoka kwenye tangi, ningechagua 30R9 bila kusita. Tofauti ya bei ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya pampu ya injini.

Kwa sehemu ndefu zinazopita kwenye chesisi, paipu ngumu ya chuma iliyopakwa kinga ya kutu, ya chuma kisichoshika kutu, au ya nailoni iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ni bora kuliko mpira mrefu. Mpira uwekwe pale tu panapohitaji kujongea, kama vile kati ya chesisi na injini. Epuka paipu ya shaba tupu, kwa sababu shaba huchochea dizeli kuchakaa haraka, na epuka pia chochote kilichopakwa zinki kwa ndani, kwa kuwa zinki huungana na asidi zilizomo kwenye mafuta na kufanya utando unaoziba chujio.

Sasa kipenyo. Shingo za paipu, yaani midomo ya chuma au plastiki ambayo mpira huvishwa juu yake, huja kwa vipimo vya milimita na vya inchi, na tofauti zake ni ndogo kiasi cha kumdanganya mtu anayekadiria kwa macho. Inchi 5/16 ni milimita 7.9, na inchi 3/8 ni milimita 9.5. Mpira wa milimita 10 ukivishwa kwenye shingo ya inchi 3/8 huingia kwa urahisi unaofurahisha, klipu huukaza, na hakuna tone linalovuja. Hata hivyo klipu imelazimika kukunja mpira ili uifikie shingo, na kila kunjo ni njia ya hewa. Pima shingo kwa kalipa, kisha ununue mpira unaoingia kwa kubana.

Kuhusu kuongeza kipenyo, fanya hivyo ikiwa tu injini imeongezewa nguvu na inahitaji mafuta zaidi, au paipu ya awali ni nyembamba kuliko mahitaji ya pampu mpya uliyofunga. Faida ipo, kwani kutoka milimita 8 hadi 10 ukinzani wa mafuta yanayopita kwa utulivu hupungua kwa zaidi ya nusu. Lakini faida hiyo hupotea yote ikiwa kiungo kimoja cha milimita 6 kimebaki njiani, na kwa injini ambayo haijabadilishwa, paipu pana huongeza tu muda wa kujaza mfumo.

## Hatua ya 1: Andaa gari na mahali pa kazi

Egesha gari mahali tambarare penye hewa ya kutosha, na acha injini ipoe kabisa. Tenganisha waya hasi wa betri, ili pampu ya umeme isije ikawaka ukiwa chini ya gari. Weka vizuizi kwenye magurudumu, inua kwa jeki, kisha liegemeze gari kwenye stendi zilizokaa chini ya chesisi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Dizeli haishiki moto kwa urahisi kama petroli, kwa kuwa mvuke wake huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi ili uweze kuwashwa kwa cheche, na jambo hilo huwafanya watu waizembee. Ikitawanyika kama ukungu au ikilowesha kitambaa huwaka vizuri, na ikimwagika juu ya chuma cha moto huweza kujiwasha yenyewe bila cheche yoyote. Sigara, mashine ya kukatia chuma na taa ya balbu isiyo na kinga viwe mbali.

Fungua kifuniko cha tangi kisha ukirudishe bila kukikaza, ili shinikizo lililomo litoke. Ni vizuri pia tangi liwe na mafuta chini ya robo.

## Hatua ya 2: Safisha, weka alama, piga picha

Osha eneo lote la viungo na ulikaushe kwa upepo wa kompresa kabla ya kufungua chochote. Kisha weka tepu ya rangi tofauti kwenye paipu ya kupeleka na ya kurudisha, na upige picha za kila kona. Paipu hizi mbili zikibadilishana, injini itavuta kutoka kwenye paipu ambayo ndani ya tangi huenda isifike chini, na gari litakuwa likizima kila mafuta yanapopungua. Kosa hilo huchukua muda mrefu kugunduliwa kwa sababu gari huonekana halina tatizo tangi likiwa limejaa.

## Hatua ya 3: Ondoa mipira ya zamani

Weka chombo chini, legeza klipu, kisha uzungushe mpira kwenye shingo kabla ya kuuvuta. Ukigoma, ukate kwa urefu wake ukiwa mbali na shingo, halafu uubandue kwa vidole. Kisu kikikwaruza shingo ya chuma kwa urefu, mkwaruzo huo utakuwa mfereji wa hewa ambao hakuna klipu itakayouziba. Viungo vya plastiki vya kubofya vifunguliwe kwa kifaa chake au kwa vidole, kwa maana bisibisi huvunja masikio yake.

Ziba kila mdomo mara tu unapokuwa wazi. Usitumie kipande cha kitambaa kama kizibo, kwa sababu nyuzi zake zitasafiri hadi kwenye pampu.

Ondoa pia kile kipande kifupi kilicho juu ya tangi, hata kama inabidi kulishusha tangi. Ndicho kinachosahauliwa zaidi kwa kuwa hakionekani, na umri wake ni sawa na wa mipira mingine uliyoitoa. Mtu aliyebadilisha kila kitu isipokuwa hicho amefanya kazi nzima na kuuacha ugonjwa mahali pake.

Ukimaliza, chunguza shingo zote kwa mwanga mkali. Kutu ya juu juu iondolewe kwa msasa laini kwa kuzungusha kuizunguka shingo, kamwe si kwa kuvuta kwenda mbele na nyuma. Shingo iliyolika kwa mashimo haifai tena.

## Hatua ya 4: Panga njia mpya

Kabla ya kukata, pitisha mpira mzima mahali utakapokaa. Uwe mbali na bomba la moshi na tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) kwa sentimita 10 au zaidi, na pale nafasi isiporuhusu, weka ngao ya chuma kati yao. Joto la tabo chini ya mzigo hupita nyuzi 500, ilhali dizeli huweza kujiwasha yenyewe kuanzia takriban nyuzi 210 hadi 250. Mpira usipite juu ya bomba la moshi kabisa ikiwa kuna njia nyingine.

Epuka pia kingo za chesisi, sehemu za springi na shafti zinazojongea, na mahali ambapo mawe ya barabarani hurushwa na magurudumu. Kona ziwe pana. Kona kali hubana mpira kwa ndani polepole kadiri unavyopata joto, na injini huanza kukosa mafuta kwenye mlima tu, jambo linalowafanya wengi wailaumu pampu. Acha ulegevu wa sentimita chache kati ya chesisi na injini, kwa maana injini hutikisika na kuegemea upande inapovuta.

## Hatua ya 5: Kata na usafishe

Kata kwa pigo moja la kisu chenye makali, mkato ukiwa wima kabisa. Msumeno hauruhusiwi, kwa kuwa huacha unga wa mpira ndani. Baada ya kukata, puliza kila kipande kwa upepo mkavu kutoka pande zote mbili, kisha ukiinue na kutazama ndani dhidi ya mwanga. Unapaswa kuona duara safi lenye kung'aa.

Paipu mpya ya chuma ikikatwa, ondoa makali ya ndani na nje, na utengeneze kituta (mbenuko unaozunguka paipu) kwenye mdomo wake kwa kifaa cha kupanulia paipu. Mpira uliovishwa kwenye paipu nyoofu isiyo na kituta hushikiliwa na klipu peke yake, nao huweza kuchomoka. Usafishaji urudiwe baada ya kukunja na kupanua.

## Hatua ya 6: Funga viungo

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi. Vika klipu kwenye mpira kwanza, halafu lowesha shingo kwa tone la dizeli safi. Usitumie grisi wala silikoni. Sukuma mpira huku ukiuzungusha hadi uvuke kituta na kuendelea angalau sentimita 2.5, au mpaka mwisho wa shingo ikiwa ni fupi. Klipu ikae nyuma ya kituta, kati yake na mwisho wa mpira, bila kukikalia kituta chenyewe wala kutokeza nje ya ukingo wa mpira.

Kaza mpaka mpira uanze kujaa kidogo kwenye kingo za mkanda, kisha usimame. Klipu ya kawaida yenye matundu hukata mpira kupitia matundu hayo, na ndiyo sababu haimo katika orodha ya vifaa. Kukaza kupita kiasi hakuongezi usalama. Hukata nyuzi za ndani na kuacha ufa unaoonekana miezi kadhaa baadaye.

Kwenye boliti zenye tundu, weka washa mpya pande zote mbili na ukaze kwa kipimo cha kitabu. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji isiwekwe kwenye nyuzi (meno ya skrubu) za kiungo chochote cha dizeli, kwa sababu vipande vyake hukatika na kuingia kwenye pampu na nozeli, na viungo hivi havizibi kwa nyuzi bali kwa washa, oringi au mdomo uliopanuliwa.

Funga chujio jipya, ukiangalia mshale wa mwelekeo wa mafuta. Mipira na paipu zishikwe kwenye chesisi kila sentimita 30 hadi 45 kwa vishikizo vyenye mpira ndani. Kamba za plastiki zilizokazwa moja kwa moja juu ya mpira huubana na kuusaga, kwa hiyo zisitumike badala yake.

## Hatua ya 7: Pima kwa mvuto kabla ya kujaza mafuta

Jaribio hili ndilo linalorukwa na wengi, na ndilo linalotenganisha kazi iliyokamilika na ya kubahatisha. Mfumo ukiwa mkavu, ziba mwisho mmoja wa paipu ya kupeleka upande wa tangi, unganisha pampu ya kuvuta hewa upande wa pili, na uvute hadi geji isome bar 0.5 chini ya hewa ya kawaida. Acha kwa dakika 5.

Mshale ukibaki mahali pake, viungo ni vizima. Ukirudi polepole, gawanya njia: ziba katikati, pima nusu moja, kisha nyingine, hadi ukipate kiungo chenyewe. Ukiona mpira unabonyea wakati wa kuvuta, mpira huo ni laini mno kwa kazi hii na lazima ubadilishwe. Usijaribu kupima kwa kusukuma upepo wa kompresa kupitia mfumo hadi kwenye tangi, kwani tangi halikuundwa kubeba shinikizo.

## Hatua ya 8: Jaza mafuta na kutoa hewa

Unganisha pande zote, legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio, na upige pampu ya mkono ya gari ya kujazia mafuta (si ile ya kuvuta hewa) mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kaza skrubu, endelea kupiga mpaka pampu iwe ngumu mkononi. Ikiendelea kuwa laini baada ya kuipiga kwa muda mrefu, bado kuna hewa inayoingia, na kuzungusha stata hakutalitibu hilo. Magari yenye pampu ya umeme hujazwa kwa kuwasha swichi mara kadhaa bila kuzungusha injini, baada ya kurudisha waya wa betri.

Kwenye injini za komoni reli usilegeze nati za nozeli ili kutoa hewa. Desturi hiyo ni ya injini za zamani zenye pampu ya kimakanika, na kwenye komoni reli inaweza kukujeruhi vibaya.

Zungusha stata kwa muda usiozidi sekunde 10 hadi 15 kila mara, na upumzishe dakika moja au mbili kati ya majaribio, ili stata isiungue na pampu ya injini, ambayo hulainishwa na dizeli yenyewe, isizunguke kavu.

## Hatua ya 9: Kagua injini ikifanya kazi

Injini ikiwaka, iache ingurume bila kukanyaga pedali kwa dakika 10. Kagua kila kiungo kwa macho na kwa kipande cha karatasi safi kavu, si kwa kiganja. Kwenye gari linalovuta mafuta bila pampu ya umeme, unaweza kuweka kwa muda ule mpira unaopitisha mwanga kati ya chujio na pampu ya injini. Mapovu machache mwanzoni ni mabaki ya hewa; mstari wa mapovu usiokoma baada ya dakika kadhaa unaonyesha kiungo kinachovuta hewa. Uondoe mpira huo baada ya jaribio, kwa kuwa aina nyingi zake huwa ngumu na kupasuka kwa joto la injini.

Endesha gari kilomita chache, ukipanda mlima ikiwa upo, kisha uache lipoe usiku mzima. Asubuhi likiwaka kama lilivyokuwa likiwaka kabla ya kupata tatizo, njia ya mafuta imeshika. Likichelewa, rudi hatua ya 7 na uanze na viungo vilivyo karibu na tangi.

Baada ya kilomita 100 hivi kagua klipu zote tena, kwa sababu mpira mpya hutulia baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa, na klipu nyingine zitahitaji kukazwa kidogo. Rudia ukaguzi baada ya kilomita 1,000, ukiangalia zaidi mahali ambapo mpira umekaribiana na chuma. Dizeli uliyoikinga isirudishwe kwenye tangi wala kumwagwa ardhini. Iweke kwenye chombo kilichofungwa na kuandikwa, na uipeleke panapokusanywa mafuta machafu.